Lori hadi mwisho wa barabara, droni hadi kilimani: kolisi ya kijijini itafika namna gani?

Katoni imefungwa vizuri kwa skochi. Juu yake kuna jina la mpokeaji, namba mbili za simu na jina la kijiji, vyote kwa wino mzito. Hakuna jina la avenyu wala namba ya nyumba, kwa sababu kule inakokwenda hakuna avenyu. Mtumaji anampa dereva wa lori pesa ya usafiri, anaandika namba yake ya simu, kisha anampigia ndugu yake wa kijijini kumwambia kwamba kolisi imetoka, aifuate.

Karibu kila mkaaji wa Kivu Kaskazini, Kivu Kusini, Ituri, Maniema au Tanganyika amekwisha kutuma mzigo kwa njia hii. Ndiyo posta yetu. Haina ofisi wala tembre, lakini inafanya kazi kila siku kutoka Butembo, Bunia, Bukavu, Uvira au Kalemie.

Sehemu ya kwanza ya safari ina shida zake, lakini inaeleweka: kuna lori, dereva, mazuti, peaje na baria. Shida kubwa inaanza pale lori linaposimama. Kutoka hapo mzigo unapanda pikipiki ya motari, au unasukumwa kwa chukudu, au unabebwa kichwani na mgongoni. Mvua ikinyesha, kolisi iliyomaliza kilometa 200 kwa siku moja inaweza kukaa siku tatu ikingojea kilometa 20 zinazobaki. Watu wa kazi ya usafirishaji wanaita sehemu hiyo « kilometa ya mwisho ». Ndiyo inayokula wakati na pesa kuliko sehemu nyingine zote.

Ikiwa ndani ya katoni kuna viatu vya mtoto, familia itangoja. Lakini ikiwa kuna chanjo, dawa ya nyoka au damu ya mama aliyetoka kujifungua, kungoja ni jambo lingine. Kutoka damu nyingi baada ya kuzaa kunaweza kumuua mama kwa muda wa masaa mawili tu. Hakuna lori linalotoka katika matope kwa masaa mawili.

Kwa sababu hiyo, tangu miaka kumi hivi, kampuni, watafiti na wizara za afya wanajaribu wazo moja: lori libebe mzigo mzito hadi mahali linapoweza kufika, na ndege ndogo isiyo na rubani, yaani droni, imalizie safari. Wazo hilo limefika wapi? Na linaweza kufaa huku kwetu, ambako neno « droni » linaleta woga kabla ya kuleta matumaini?

Lori linakuwa uwanja wa ndege

Mwezi wa 2 mwaka 2017, huko Lithia, katika jimbo la Florida nchini Marekani, kampuni ya kupeleka mizigo ya UPS ilionyesha gari lake la kahawia likiwa na droni juu ya paa. Droni hiyo ilitengenezwa na kampuni ya Workhorse. Dereva, akiwa ndani ya gari, aliweka kolisi katika kijisanduku kilicho chini ya droni, akabonyeza kwenye skrini, na droni ikaruka peke yake hadi kwenye nyumba ya mteja. Wakati huo dereva hakungoja. Aliendelea na njia yake, na droni ikamfuata mahali pengine. Droni ikishatua juu ya paa, betri yake inajazwa na umeme wa gari lenyewe.

UPS ilichagua mashamba kwa makusudi. Mjini, gari moja linasimama kwenye nyumba nyingi zilizo karibu. Kijijini, dereva anaweza kufanya kilometa nyingi kwa ajili ya katoni moja, kisha arudi njia ile ile. Kampuni hiyo ilisema kwamba kila dereva wake akipunguza maili moja tu kwa siku, yaani kilometa 1,6, inaweza kuokoa hadi dola milioni 50 kwa mwaka.

Waandishi wa habari waliokuwapo siku hiyo waliona pia upande wa pili. Katika jaribio lingine, droni haikutua vizuri juu ya gari. Ilianguka upande, na kifuniko cha paa kilikaribia kuivunja. Teknolojia ilikuwa bado inajifunza kutembea.

Nyuma ya onyesho hilo kulikuwa na kazi ya hesabu. Mwaka 2015, watafiti wawili, Chase Murray na Amanda Chu, walichapisha utafiti juu ya swali hili: ikiwa lori moja lina droni moja, ni kolisi gani zipewe droni na ni zipi zibaki kwa dereva? Ukiliangalia swali hilo kwa makini, utaona si jepesi. Droni inabeba kolisi moja kwa safari moja, na kolisi hiyo lazima iwe nyepesi. Inaruka moja kwa moja bila kufuata kona za barabara, lakini betri yake inaisha haraka. Lazima ikutane na lori mahali palipopangwa. Ikifika mbele inangoja lori. Lori likifika mbele, dereva ndiye anayengoja. Kila dakika ya kungoja inakula faida.

Hesabu ya kilima

Tuchukue mfano wa kufikirika, lakini wenye sura ya nchi yetu. Tuseme kijiji kiko ng'ambo ya bonde, kilometa 8 kutoka barabarani kama ndege inavyoruka. Kwa njia ya pikipiki, inayozunguka kilima na kutafuta daraja, ni kilometa 25. Wakati wa mvua motari anaweza kutumia masaa mawili kwenda tu. Droni inayokwenda kilometa 60 kwa saa itafika kwa dakika 8 na kurudi kwa dakika nyingine 8. Kwa dakika hizo 16, lori linalotembea kilometa 20 kwa saa katika barabara mbaya litakuwa limesogea kilometa 5 hivi. Kwa hiyo vitakutana mbele kidogo na safari itaendelea.

Hapo ndipo milima inapobadilisha hesabu. Katika tambarare yenye barabara nzuri, droni haiokoi mengi. Katika milima ya Lubero, Kalehe, Fizi au Itombwe, tofauti kati ya njia ya mguu na njia ya angani ni kubwa sana.

Lakini kilima kina hesabu yake nyingine. Hewa ya juu ni nyepesi, na droni inatumia nguvu zaidi kubaki angani. Upepo wa mabondeni unageuka ghafla. Mvua yetu ya alasiri si ya kuchezea. Droni iliyofanya vizuri katika joto la Florida, karibu na usawa wa bahari, haiwezi kuahidi jambo lile lile kwenye mita 2.000.

Uzito nao unatoa jibu la wazi. Droni za kwanza za Zipline, kampuni tutakayoizungumzia hapa chini, zilibeba kilo 1,75 hivi. Ili kuhamisha mzigo wa lori la tani 10 kwa droni kama hiyo, ingelazimu safari zaidi ya 5.700. Mfuko mmoja wa simenti wa kilo 50 ungehitaji safari 29. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba droni itachukua nafasi ya barabara, mwulize maharage, mihogo, mbao na simenti zitapita wapi.

Droni inafaa kwa kitu chepesi, cha haraka na chenye thamani: dawa, chanjo, damu, sampuli ya maabara, kipande cha mashine, karata ya simu, diploma ya mwanafunzi. Kila kitu kingine ni kazi ya lori, na lori linataka barabara.

Jirani wamefanya nini

Mfano unaojulikana zaidi uko ng'ambo ya ziwa Kivu. Mwezi wa 10 mwaka 2016, Rwanda ilianza kupeleka damu katika hospitali za vijijini kwa droni za kampuni ya Kimarekani ya Zipline, kutoka kituo cha Muhanga. Baadaye kituo cha pili kilijengwa Kayonza, mashariki mwa nchi. Droni inarushwa kwa mtambo unaofanana na manati kubwa, inakwenda kilometa 100 hivi kwa saa, na inaweza kufikia hospitali iliyo kilometa 80 kutoka kituoni. Haitui hospitalini. Inashuka kidogo, inaachilia boksi lenye parashuti ya karatasi, kisha inarudi Muhanga ambako kamba inaikamata ikiwa hewani.

Watu wengi wanaona droni tu, lakini kazi inaanza chini. Damu inafika kituoni kwa gari, inawekwa katika friji, na kutoka hapo ndipo droni inaigawa kwa hospitali zinazoomba. Gari linabeba kwa wingi, droni inagawa kwa haraka. Ni ndoa ile ile ya lori na droni, ila hapa depo haitembei.

Matokeo yake yalipimwa. Utafiti uliotoka mwaka 2022 katika jarida la The Lancet Global Health ulichunguza maombi 12.733 ya damu kutoka vituo 20 vya afya, kati ya mwaka 2017 na 2019. Kwa wastani droni ilifika kwa dakika 49,6. Ukilinganisha na safari ya gari, iliokoa dakika 79 hadi 98. Baada ya miezi 12, damu iliyoharibika kwa kupita muda wake katika vituo hivyo ilikuwa imepungua kwa 67%.

Namba hiyo ya mwisho inahitaji maelezo. Seli nyekundu za damu zinakaa katika friji wiki 5 hadi 6, na chembe za kugandisha damu zinakaa siku chache tu. Hospitali ya mbali isiyojua lini itapata damu nyingine inaweka akiba nyingi, na sehemu yake inaharibika. Hospitali inayojua kwamba damu itafika ndani ya saa moja haihitaji kuficha akiba. Ile iliyokuwa itupwe huku inamwokoa mgonjwa kule.

Tanzania nayo ilijaribu, upande wa ziwa Victoria. Mwaka 2018, DHL pamoja na kampuni ya Wingcopter na shirika la Ujerumani la GIZ walitangaza matokeo ya majaribio ya miezi sita kati ya Mwanza na kisiwa cha Ukerewe. Droni ilibeba dawa hadi kilo 4 na kuvuka kilometa 60 kwa dakika 40. Kwa barabara, safari hiyo ni kilometa 240 na inachukua masaa sita. Kwa jumla droni iliruka kilometa 2.200.

Yalikuwa matokeo mazuri. Hata hivyo, mwaka 2021 DHL ilitangaza kwamba haiendelei tena na mradi wake wa droni. Mwanzoni mwa mwaka 2020, ziwa Kivu lenyewe, upande wa Karongi nchini Rwanda, lilikuwa uwanja wa mashindano ya kimataifa ya droni za kubeba mizigo. Washindani walimaliza, wakafunga vitu vyao na kwenda. Majaribio yamekuwa mengi kuliko huduma zilizobaki.

Kongo imekwisha kujaribu

Wengi mashariki hawajui kwamba Kongo nayo ina historia yake katika jambo hili. Mwezi wa 8 mwaka 2019, huko Mbandaka, katika jimbo la Équateur, wizara ya Afya pamoja na shirika la VillageReach na kampuni ya Australia ya Swoop Aero walifanya safari za kwanza za kujaribu kupeleka chanjo kwa droni. Baadaye zikafuata safari za kawaida kwa vituo vya afya vilivyo mbali na mji.

Équateur si nchi ya milima. Ni nchi ya mito na misitu iliyofurika maji. Kilometa ya mwisho pale si ya motari peke yake. Mara nyingi ni ya pirogi, na mhudumu wa afya anaweza kupiga kasia kutwa nzima akiwa na sanduku la baridi kati ya miguu yake. Chanjo nyingi za watoto lazima zibaki kati ya digrii 2 na 8. Barafu ikiyeyuka njiani, mhudumu atakuwa amebeba chupa zisizo na kazi tena.

Tofauti moja na Rwanda ni kwamba droni za Mbandaka zilitua na kuruka tena. Kwa hiyo zilipeleka chanjo na kurudi na sampuli za wagonjwa. Katika jimbo lililopigwa na Ebola mwaka 2018 na tena mwaka 2020, sampuli inayofika maabara leo badala ya wiki ijayo inaweza kubadilisha mwendo wa ugonjwa. Wakaaji wa Beni, Butembo na Mambasa, waliopita katika Ebola ya mwaka 2018 hadi 2020 iliyoua watu 2.287, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Halafu likaja somo la pesa. Mwezi wa 10 mwaka 2024, Swoop Aero iliwekwa mikononi mwa wasimamizi wa kampuni zilizokwama kwa ukosefu wa pesa. Somo ni hili: chanjo za kijiji cha Kongo haziwezi kutegemea hesabu za benki za kampuni moja iliyo upande mwingine wa dunia. Rwanda imedumu kwa sababu serikali iliifanya droni kuwa sehemu ya huduma yake ya afya na kusaini mkataba wa kulipia huduma hiyo.

Mazingira: ndiyo, lakini

Watetezi wa droni wanasema inalinda mazingira kwa sababu haitumii mazuti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Patterns ulionyesha kwamba droni ndogo yenye mapanga manne, ikibeba kolisi nyepesi, inatoa hewa chafu kwa 84% chini ya lori la mazuti kwa kila kolisi. Lakini utafiti mwingine wa mwaka 2018, katika jarida la Nature Communications, ulitoa tahadhari. Droni kubwa inakula umeme mwingi. Na kwa sababu droni haifiki mbali, inadai kujengwa depo nyingi za ziada, na depo hizo nazo zinatumia umeme. Ikiwa umeme wenyewe unatoka kwa mashine ya mazuti, faida inapungua au inapotea.

Kwetu, jibu linategemea mahali. Pale penye umeme wa maji, kama ule wa Matebe wilayani Rutshuru, au penye paneli za jua, droni inaweza kuwa safi kweli. Pale ambapo betri itajazwa na jenereta inayonguruma nyuma ya depo, tutakuwa tumehamisha moshi tu.

Ndiyo maana mfumo wa lori na droni unavutia. Lori lilikuwa linapita hata hivyo. Likiwa na droni, haliachi barabara kuu kwenda kukwama katika njia ya kando kwa ajili ya sanduku moja. Mazuti yanayookolewa ni ya ile safari ya kando, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote.

Kuna jambo lingine ambalo Mkongomani hawezi kulisahau. Betri nyingi za aina hii zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka katika udongo wa Kongo, huko Lualaba na Haut-Katanga. Madini yanatoka hapa katika magunia na kurudi yakiwa betri ya bei kali. Betri hiyo ikichoka, itatupwa wapi? Mradi usio na jibu kwa swali hilo haustahili kuitwa endelevu.

Na motari?

Swali la kwanza katika kila parking litakuwa hilo, na ni swali la haki. Maelfu ya vijana wa mashariki wanakula kwa pikipiki. Wengi waliinunua kwa mkopo au kwa pesa ya shamba la familia. Je, droni inakuja kuwanyang'anya mkate?

Kwa mizigo ya kawaida, hapana. Motari anabeba gunia, abiria na mbuzi, na droni haibebi hata kimoja kati ya hivyo. Kwa kolisi nyepesi, inategemea namna mradi unavyopangwa. Katika vijiji vya China, kampuni ya JD.com, ambayo ilianza safari zake za droni mwaka 2016, haikuipeleka droni mlangoni kwa kila mteja. Droni ilitua kwa mwakilishi mmoja wa kijiji, naye ndiye aliyegawa kolisi nyumba kwa nyumba.

Huku kwetu mwakilishi huyo anaweza kuwa motari mwenyewe. Anajua kila nyumba, anajua nani amehama na nani amefiwa. Badala ya kuhatarisha maisha yake kwa kilometa 25 za matope usiku kwa ajili ya chupa mbili za dawa, angelipwa kupokea boksi na kuligawa. Lakini hilo halitokei lenyewe. Vyama vya mamotari visipoitwa mezani tangu siku ya kwanza, droni itaonekana kuwa adui, na wenye kuiona hivyo hawatakuwa wamekosea kabisa.

Anga la vita

Tunafika kwenye kizuizi kikubwa kuliko mvua, betri na pesa.

Mkaaji wa Goma alianza kulijua neno « droni » tarehe 3 mwezi wa 12 mwaka 2013, MONUSCO ilipoanza kurusha ndege zake za upelelezi zisizo na silaha. Mwaka uliofuata, droni hizo ziliona boti iliyokuwa inazama katika ziwa Kivu, na watu wakaokolewa. Ilikuwa ni mara chache ambapo macho ya angani yalileta heri.

Tangu hapo mambo yamegeuka. Jeshi la Kongo lilinunua droni za vita za CH-4 kutoka China. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa 2 mwaka 2024, uwanja wa ndege wa Goma ulishambuliwa kwa droni na ndege za kiraia zikaharibika. Serikali ya Kinshasa iliishutumu Rwanda. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ulilalamika kwamba ishara za GPS zinavurugwa katika Kivu Kaskazini, jambo linalohatarisha ndege za misaada. Na tangu mapigano ya mwezi wa 1 mwaka 2025, uwanja huo wa Goma ulifungwa, na njia kubwa ya dawa kwa mamilioni ya watu ikakatika.

Katika hali hiyo, mama anayesikia mngurumo juu ya shamba lake hawezi kujua kama kinachopita ni chanjo au bomu. Atawaita watoto na kukimbia. Mwenye silaha naye ataona shabaha. Na droni inayotegemea GPS katika anga iliyovurugwa inaweza kuanguka juu ya paa la mtu.

Kwa hiyo ni lazima kusema wazi: katika maeneo ya mapigano, droni ya kolisi si jambo la leo. Barabara ya kutoka Butembo kwenda Manguredjipa, karibu kilometa mia moja, inaonyesha hali yetu yote kwa pamoja. Malori yanakwama katika matope yake wakati wa mvua, na vijiji vya upande huo vimeteswa na mashambulizi ya waasi wa ADF. Anayefikiri kwamba chombo cha kilo chache kitaruka juu ya shida hizo mbili na kuziacha chini, anajidanganya.

Kinachoweza kuanza

Hata hivyo si mashariki yote inayowaka moto, na si lazima kungoja amani kamili ili kujiandaa. Mambo manne yanaweza kupangwa tangu sasa.

La kwanza ni barabara. Kongo inahesabiwa kuwa na zaidi ya kilometa 150.000 za barabara, lakini zenye lami ni elfu chache tu. Droni inaanzia pale lori linapoishia. Ikiwa lori haliondoki hata depo, droni haina pa kuanzia. Pesa ambayo wasafiri wanalipa kwenye peaje kwa ajili ya FONER, mfuko wa kutunza barabara, ingepaswa kuonekana katika mashimo yaliyozibwa. Kila kilometa inayotengenezwa inapunguza kazi ya droni, na hiyo ni habari njema.

La pili ni kuanza na afya. Mwenye duka anaweza kungoja, mgonjwa hawezi. Eneo la afya lenye vituo vitano au sita vilivyokatwa na mto au kilima, katika sehemu tulivu, linatosha kwa kupima. Lori au gari la dawa lifike hospitali kuu, droni zigawe kutoka hapo. Kibali cha AAC, mamlaka ya ndege za kiraia, na cha usalama vipatikane mapema, na machifu, makanisa, misikiti na redio za jamii wawaeleze watu rangi ya droni, saa yake na njia yake. Mtu anayejua kwamba kila Jumanne saa nne inapita ndege nyeupe ya chanjo hatakimbia.

La tatu ni vijana. Malawi ilifungua chuo cha droni mwaka 2020 kwa msaada wa UNICEF, na vijana wa Afrika wakajifunza kuzitengeneza na kuzirusha. Goma, Bukavu, Butembo, Bunia na Uvira zina vyuo vikuu na mafundi wanaofungua simu zilizokufa na kuzifufua. Droni ikivunjika bawa, kipande kisingojee ndege kutoka Ulaya.

La nne ni mlipaji. Hilo ndilo limeua miradi mingi. Kabla ya picha na hotuba za uzinduzi, swali moja liulizwe mbele ya watu: mfadhili akiondoka, nani atalipa betri ya mwaka wa tatu? Ikiwa jibu halipo katika bajeti ya jimbo au ya wizara, afadhali pesa hiyo inunue pikipiki kumi za vituo vya afya na masanduku ya baridi. Pikipiki ni teknolojia ambayo kila kijiji kinajua kuitengeneza.

Mpaka hapo, kolisi itaendelea kusafiri kama kawaida. Katoni itafungwa kwa skochi, namba ya simu itaandikwa kwa wino mzito, na motari atavua viatu ili kusukuma pikipiki katika matope. Amekuwa kilometa ya mwisho ya nchi hii kwa miaka mingi. Mradi wowote utakaokuja, uwe wa lori au wa droni, uanze kwa kumwuliza yeye njia inapita wapi.